Mkulima wa Butembo na Beni Apewe Uwanja Wake

Kila mwezi wa Septemba mji mdogo wa Châteaubriant, magharibi mwa Ufaransa, hujaa ng'ombe, farasi, matrekta na watu wa mashamba waliokuja kutazamiana mifugo. Ni maonyesho ya Béré, ambayo wenyeji huhesabu kwamba yalianza mwaka 1050. Kaskazini yake, katika Normandy, watu wa Lessay nao hufanya ya kwao mwezi huohuo, pale ambapo watawa wa abasia walikuwa na soko tangu Zama za Kati. Huko harufu ya kondoo wa kuchoma humpokea mgeni kabla hajaona pembe ya mnyama.

Anayefika mapema katika maonyesho kama hayo hukuta watu wakiosha. Vijana wanamwagia fahali maji, wanamsugua kwa brashi, wanachana ncha ya mkia, wanafuta kwato. Ng'ombe ana jina lake kwenye kibao, na karibu nalo jina la mfugaji na la kijiji chake. Saa ya mashindano ikifika, wanyama wa rika moja huingizwa ulingoni kwa kamba na kuzungushwa taratibu, na mwamuzi huanza kwa kuwatazama wanavyotembea. Anaangalia mgongo kama umenyooka, nyonga kama zina upana wa kuzaa bila taabu, miguu ya nyuma kama inabeba uzito sawasawa, kiwele kama kimeshikamana vizuri na tumbo. Akimaliza kuwapanga, anashika maikrofoni na kueleza mbele ya kila mtu kwa nini huyu ni wa kwanza na yule ni wa tatu.

Maelezo hayo ndiyo kiini cha siku nzima. Mfugaji aliyeshindwa anarudi nyumbani akijua kasoro ya mnyama wake, na majirani zake wamesikia pia. Mnunuzi anaelewa kwa nini ndama wa ng'ombe fulani ana bei kubwa. Mtoto aliyening'inia kwenye uzio anajifunza kumsoma mnyama kwa jicho la fundi. Nyama, muziki, matrekta mapya na hotuba za wakubwa vina nafasi yao, lakini siku inasimama juu ya ile hukumu iliyotolewa hadharani.

Wakulima na wafugaji wa Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, wanastahili siku kama hiyo, na wanaistahili sasa. Wana mazao ya kila namna, wana mashirika yao yenye uzoefu wa miongo, wana chuo kikuu kinachofundisha kilimo na tiba ya mifugo. Wanachokikosa ni mahali ambapo zao na mnyama hupimwa mbele ya watu, kwa kanuni zinazojulikana na wote, na jina la aliyevizalisha likatangazwa. Pengo hilo lina gharama, na mkulima huilipa kila siku ya soko.

Msafiri anayeanzia Kasindi, mpakani na Uganda, hupita kwanza tambarare yenye joto ya bonde la Semuliki, safu ya Ruwenzori ikiwa kuliani mwake. Kwenye miteremko ile hulimwa kahawa ya arabika. Akikaribia Beni anaingia nchi ya kakao, ambayo huendelea hadi Mbau, Oicha na Mangina, ikichanganyika na michikichi, mihogo, mpunga na mipapai inayochanjwa utomvu wa kutengenezea papaini. Kutoka Beni hadi Butembo ni kilomita 54, barabara ikipanda hadi zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Akiendelea kusini na kuvuka ikweta, vilima vya Lubero vinapita mita 2,000, na sasa yuko kwenye viazi mviringo, kabichi, vitunguu, liki, maharagi, hata ngano, pamoja na malisho ya ng'ombe. Kutoka Ziwa Edward, kupitia Kyavinyonge, hupanda samaki. Ni maeneo machache Afrika yanayoweka kakao na ngano karibu hivi.

Sehemu kubwa ya mali hiyo hupitia Butembo, mji uliojengwa na wafanyabiashara wake. Majina yao yanajulikana Mombasa, Dubai na Guangzhou, na katika miaka ambayo serikali haikuonekana, wao pamoja na kanisa ndio waliotafuta fedha za kuziba mashimo ya barabara. Watu wenye uwezo wa kuleta kontena kutoka China hawashindwi kuzungushia uzio uwanja wa mpira na kuweka mizani.

Mizani ndipo pa kuanzia. Viazi vya Lubero huuzwa kwa gunia lililojazwa hadi mdomo haufungiki, kisha juu yake linashonewa kilemba cha nyavu na majani. Mnunuzi huita hilo gunia moja. Maharagi huuzwa kwa kopo na beseni, na kila mtu anajua kwamba kopo la kununulia huwa na tumbo kubwa kuliko kopo la kuuzia. Kenya ilikwisha kuweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia la viazi, na Tanzania imekuwa ikipambana na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi namna hiyo, kwa sheria ya vipimo. Sheria peke yake haijatosha katika nchi hizo, kwa sababu mkulima aliye peke yake kandokando ya barabara, mtoto akisubiri ada ya shule, hawezi kumwambia mwenye lori apunguze gunia. Anaweza kumwambia hivyo akiwa na wenzake mia mbili, kwenye uwanja ambao viazi vyao vimepimwa asubuhi na uzito kuandikwa ubaoni.

Kakao inaonyesha hasara nyingine. Wakulima wengi wa Beni waliigeukia baada ya mnyauko kuangamiza robusta yao katika miaka ya 1990. Walijifunza kuchachusha mbegu na kuzikausha vizuri, na watengenezaji wa chokoleti wa Ulaya wakazipenda. Huko Mutwanga, chini ya Ruwenzori, kilianzishwa hata kiwanda kidogo cha chokoleti kinachotumia umeme wa maji wa Hifadhi ya Virunga. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la New York ilipita dola 10,000 kwa tani, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Hata hivyo, sehemu ya kakao ya Beni huvuka mpaka kwa njia za panya na kuendelea na safari ikiitwa ya Uganda. Na mashamba yenyewe yamekuwa mahali pa kufia: tangu Oktoba 2014 waasi wa ADF wamewaua raia kwa mapanga na risasi katika vijiji vya Beni, wengi wao wakiwa shambani, hasa msimu wa mavuno. Mtu aliyevuna katika hali hiyo, kisha gunia lake likapoteza jina lake mpakani, ameporwa mara mbili.

Kahawa imekwisha kuonyesha kwamba mambo yanaweza kwenda vingine. Ushirika wa Kawa Kanzururu uliwakusanya wakulima wa miteremko ya Ruwenzori kwenye vituo vidogo vya kuoshea, badala ya kila mmoja kukaushia buni yake uani na kumuuzia yeyote anayepita na fedha mkononi. Katika miaka ya 2010, mashindano ya uonjaji yaliyoitwa Saveurs du Kivu yaliziweka kahawa za Kivu mbele ya waonjaji wa kimataifa. Katika uonjaji wa namna hiyo kahawa hupewa alama kati ya 100, na ile inayofikia 80 huingia daraja la kahawa maalumu, lenye wanunuzi wake na bei yake. Muhimu zaidi, mkulima huambiwa sababu: hapa beri mbichi zimechanganywa na zilizoiva, hapa uchachu umepita kiasi, hapa kuna ladha ya udongo kwa kuwa buni ilianikwa chini. Mwaka unaofuata anarekebisha. Kazi hiyo ni ileile ya mwamuzi wa ng'ombe kule Béré. Kwa nini kiazi cha Masereka, harage la Lubero, asali na mbuzi wa Beni vinyimwe?

Wapo watakaosema kwamba Ufaransa ni tajiri na mambo yake hayahamishiki. Historia inasema vingine. Maonyesho ya wilaya yalienea huko katika karne ya 18 na ya 19, wakati wakulima wake wengi walikuwa maskini na mavuno mabaya yalileta njaa ya kweli. Sheria ya mwaka 1851 ikayapa mpangilio rasmi. Mwaka 1864 wafugaji wa ng'ombe weupe wa Charolais walifungua daftari la nasaba ili kila fahali ajulikane baba yake na mama yake, na wale wa Limousin wakafuata mwaka 1886. Mashindano makuu ya kitaifa yalianza mwaka 1870, na tangu 1964 Paris ina Salon ya Kilimo, ambayo kila mwishoni mwa Februari huvuta watu mamia ya maelfu. Hadi leo chupa ya divai iliyopata medali ya mashindano yale hubeba alama yake kwenye lebo, na mnunuzi dukani huitafuta. Sifa hiyo imetokana na zaidi ya miaka 150 ya kupima, kuandika na kubishana, na mwanzo wake haukuhitaji zaidi ya uwanja, daftari na watu wanaoaminika.

Salon hiyo imekuwa pia mahali ambapo mkulima humkabili mtawala uso kwa uso. Tarehe 24 Februari 2024, katikati ya hasira ya wakulima kuhusu bei na kanuni, Rais Emmanuel Macron alipokewa kwa filimbi na mayowe, polisi wakakabiliana na waandamanaji ndani ya ukumbi, na ufunguzi ukachelewa kwa saa kadhaa. Rais alilazimika kusimama na kujadiliana na watu waliovaa nguo za kazi. Kwa wakulima wa Beni na Lubero jambo hili ni zito. Baada ya Goma kutekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, uongozi wa jimbo la Kivu Kaskazini ulihamia Beni. Wakubwa wako karibu kuliko wakati wowote. Siku ambayo wangelazimika kutembea kati ya magunia na vizimba, wakiulizwa na mwenye mbuzi kuhusu vizuizi vya barabarani na ushuru usio na risiti, ingekuwa na faida kuliko warsha nyingi za hotelini.

Hata hivyo maonyesho ya Kifaransa hayapaswi kuchukuliwa mazimamazima. Gustave Flaubert, katika riwaya yake *Madame Bovary* ya mwaka 1857, aliyachora kwa ukali: wakubwa wanahutubia kwa maneno makubwa, na mwishoni kikongwe mmoja mtumishi wa shamba anaitwa jukwaani kupokea medali ya fedha yenye thamani ya faranga 25 kwa miaka 54 ya kutumikia shamba moja. Mikono yake imechakaa kwa kazi, na hajui hata afanye nini mbele ya umati. Onyo hilo linaihusu Kivu moja kwa moja. Katika vilima vya Lubero, anayelima, anayepalilia, anayevuna na anayebeba mzigo kwa kamba iliyopita kipaji cha uso ni mwanamke. Shamba mara nyingi huandikwa jina la mume, na fedha za mavuno makubwa hupita mikononi mwa mume. Maonyesho yakiandaliwa bila kulifikiria hilo, vyeti vitabeba majina ya waume, na mama atapata makofi.

Ndiyo sababu LOFEPACO, ligi ya mashirika ya wanawake wakulima yenye makao Butembo, inapaswa kukaa kwenye meza ya maandalizi tangu kikao cha kwanza, pamoja na SYDIP, chama kilichotetea haki za wakulima tangu miaka ya 1990, na COOCENKI, ushirika wa kuuza mazao. Kanuni iwe rahisi: cheti huandikwa jina la aliyelima. Waamuzi wa mbegu, ambazo wanawake ndio watunzaji wake wakubwa, wawe pamoja na mama wazee wenyewe, kwa kuwa anayejua harage lipi huiva upesi na lipi hustahimili mvua za Novemba si lazima awe na shahada.

Majirani wamekwisha kupita njia hii, na kila mmoja ana la kufundisha. Kenya ina mzizi mrefu zaidi: chama chake cha maonyesho ya kilimo kiliundwa mwaka 1901 na walowezi, na kwa miongo mingi mashindano yake ya ng'ombe yalikuwa mambo ya wenye mashamba makubwa. Maonyesho ya Nairobi yamepanuka hadi kuitwa ya biashara ya kimataifa, na humo mabenki na kampuni za simu huonekana kuliko wafugaji. Nchini Tanzania, Sabasaba, iliyokuwa siku ya wakulima, ikawa maonyesho ya biashara, na wakulima wakapewa Nane Nane, tarehe 8 Agosti. Nane Nane ina uzuri wa kufika mikoani, kuanzia viwanja vya Nzuguni kule Dodoma hadi John Mwakangale kule Mbeya, Themi kule Arusha na Ngongo kule Lindi. Vipando vya mazao hustawishwa uwanjani kabla ya sikukuu, ili mgeni aone mmea ukiwa hai ardhini. Udhaifu wake ni kwamba mabanda ya ofisi za serikali huchukua nafasi kubwa, na mkulima hugeuka mtazamaji anayegawiwa vipeperushi.

Uganda ndiyo yenye mfano ulio karibu zaidi na mahitaji ya Butembo. Maonyesho ya kilimo ya Jinja, kwenye chanzo cha Mto Naili, huandaliwa na shirikisho la wakulima la nchi hiyo. Wakulima wenyewe ndio wenyeji, na wengine, serikali ikiwamo, ni wageni wao. Tangu Julai 2022 Kongo ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na barabara za Kasindi hadi Beni na Beni hadi Butembo zimo katika mpango wa ujenzi ambao Marais Tshisekedi na Museveni waliuzindua Mpondwe mwezi Juni 2021. Wajumbe wa SYDIP na LOFEPACO wakienda Jinja kutazama jinsi mlango unavyokatiwa tiketi, jinsi mabanda yanavyokodishwa na jinsi majaji wanavyochaguliwa, watarudi na elimu ya kutosha kuanza.

Kuhusu mifugo, ni vizuri kusema wazi kwamba Butembo haihitaji kuiga fahali wa tani moja. Ng'ombe wa nyanda za juu za Lubero wapewe ulingo wao, maana ufugaji ule umepungua sana kwa wizi wa kutumia silaha na unahitaji kutiwa moyo. Lakini utajiri wa kaya nyingi uko kwenye mbuzi, kuku, sungura, nguruwe na simbilisi. Huyu wa mwisho, ambaye wengi hapa humwita kobai, anastahili heshima kubwa kuliko anayopewa. Hula majani na maganda ya jikoni, huzaa upesi, hulala chini ya kitanda au kando ya meko. Waporaji wakija humpita bila kumwona, na familia ikikimbia, dume na majike wawili huingia kwenye kikapu na kwenda nao. Kwa watoto waliohamishwa makwao, mara nyingi ndiyo nyama pekee. Shindano la simbilisi, lenye mwamuzi anayeeleza kuhusu uzito, idadi ya watoto na hatari ya kuzalisha ndugu kwa ndugu, lingeleta manufaa ya haraka kuliko la ng'ombe.

Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, alichokiasisi Askofu Emmanuel Kataliko mwaka 1989, kina kitivo cha tiba ya mifugo mjini hapohapo. Shule ya ITAV imelea mafundi wa kilimo na mifugo kwa miaka mingi. Waamuzi wapo basi, na wanafunzi wao wanahitaji kugusa wanyama wengi wa kila namna kwa siku moja kuliko wanavyohitaji mhadhara mwingine.

Sasa mapingamizi, na la kwanza ni usalama. Ni pingamizi la haki, na hakuna anayepaswa kulipuuza. Kivu Kaskazini iko chini ya utawala wa kijeshi wa dharura tangu Mei 2021, na watu wameendelea kuuawa. Kusini, M23 waliingia Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024 na njia ya zamani ya kwenda Goma ikafungwa kwa mali ya Butembo. Mkusanyiko mkubwa wa watu ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Lakini watu tayari wanakusanyika: Butembo ina masoko yake ya kila siku, vijiji vina siku zao za soko, makanisa hujaa kila Jumapili. Uwanja ndani ya mji, mchana tu, ukifungwa mapema ili watu wa vijijini wafike makwao jua lingalipo, hauongezi hatari mpya juu ya zile wanazoishi nazo. Na maonyesho yaanze Butembo, kisha mwaka ambao hali itaruhusu yahamie Beni, miji hiyo miwili ikipokezana.

Vita yenyewe inayafanya yahitajike zaidi. Maelfu ya wakulima wamekimbilia mijini na kuacha mashamba, na mbegu zao zimebaki nyuma. Aina ya harage au ya kiazi kikuu inayolimwa katika vijiji vichache inaweza kupotea kabisa kwa misimu miwili ya kukimbia. Mashirika ya misaada yamewahi kuendesha maonyesho ya mbegu mashariki mwa Kongo, ambapo waliohamishwa hupewa vocha na kununua mbegu kutoka kwa wakulima wenzao badala ya kugawiwa mifuko iliyotoka mbali. Utaratibu huo ulifanya kazi kwa sababu mbegu za kienyeji zilikuwa na wenyewe wanaozijua. Banda la mbegu la Butembo lingewakutanisha wenye mashamba na waliokimbia, na kila aina ikaandikwa jina lake na mahali ilipotoka.

Pingamizi la pili ni magonjwa. Hapa hakuna anayehitaji kufundishwa. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020 uliua watu 2,287, na Beni na Butembo zilibeba sehemu kubwa ya msiba huo. Watu wa miji hii walinawa mikono na kupimwa joto kwenye kila mlango kwa karibu miaka miwili. Wanajua kusimamia lango. Kwa wanyama, homa ya nguruwe ya Afrika na sotoka ya mbuzi na kondoo huenezwa kwa urahisi na mikusanyiko ya namna hii, kwa hiyo nguruwe wasiingizwe kabisa mwaka wa kwanza, na mbuzi wakaguliwe kijijini kabla ya safari na tena mlangoni, daktari akiwa na mamlaka ya kumrudisha mnyama bila kujali mwenyewe ni nani. Ufaransa yenyewe, ugonjwa wa mapele ngozi ulipoingia mwaka 2025, ilisimamisha kwa muda mikusanyiko ya ng'ombe nchini kote, hata wafugaji walipolalamika. Nidhamu hiyo ni sehemu ya maonyesho.

Fedha? Mwaka 2003, kule Maputo, serikali za Afrika ziliahidi kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Kongo ikapitisha sheria yake ya kilimo Desemba 2011, na Rais Tshisekedi amerudia mara nyingi kwamba udongo lazima ulipize kisasi dhidi ya madini. Wakulima wa Lubero wamezisikia ahadi hizi zote wakiwa na majembe yaleyale. Wakingoja fungu kutoka Kinshasa, watangoja sana. Kiingilio kidogo, kodi ya mabanda kwa wauza majembe, mbegu na dawa, mchango wa wafanyabiashara wenye maghala mjini: hivyo vinatosha kwa mwaka wa kwanza ulio mdogo. Kiwekwe kikomo kimoja tu kwa wafadhili, kwamba hakuna anayenunua haki ya kuhutubia zaidi ya dakika tano, wala kuweka picha yake juu ya lango. Maonyesho mengi yameharibiwa na jukwaa la wakubwa kabla hayajaharibiwa na ukosefu wa fedha.

Wakati ufaao ni mwishoni mwa Julai au Agosti mwanzoni, msimu wa pili wa mavuno ukiwa umeingia ghalani, kabla watu hawajarudi kupanda mwezi wa Agosti na Septemba, na wanafunzi wakiwa likizo. Siku ya kwanza iwe ya kupima na kuhukumu, milango ikiwa wazi ili kila mtu asikie sababu za waamuzi. Siku ya pili iwe ya kuuza. Radio Moto itangaze matokeo kwa Kinande na Kiswahili, jina la mshindi, la kijiji, uzito na bei aliyouzia, maana bei iliyotangazwa redioni inakuwa hoja mkononi mwa mkulima aliyebaki kijijini. Daftari la washindi lihifadhiwe chuoni, nakala zipelekwe kwa vyama vya wakulima na kwa chemba ya wafanyabiashara, FEC, ili mnunuzi wa Bunia, Kisangani au Kampala anayetafuta mbegu safi za viazi au beberu mzuri wa mbegu ajue amtafute nani na wapi. Barua ya kuitisha kikao cha kwanza inaweza kutoka SYDIP au LOFEPACO, na Julai ijayo bado iko mbali kiasi cha kuwawahi wakulima kabla hawajachagua mbegu za msimu.